Bakuli za kuimba: ya kugongwa mkono, ya mashine ama ya kristali, uchukue gani ukiwa Nairobi?

Swali huwa linakuja hivi: mtu ameenda kipindi cha yoga, kalala kwa mkeka, mwalimu akapiga bakuli na chumba chote kikanyamaza, sasa anataka yake ya nyumbani. Akifungua simu anakutana na kabakuli kadogo ka bei ya kawaida na seti ya kristali ya bei ya pikipiki mkweche, na kila muuzaji anaapa yake ndio ya ukweli, imegongwa usiku wa mwezi mpevu, ina metali saba, inaponya kila kitu mpaka deni. Mwenye anataka ya muziki naye anaambiwa "hii ni 432", yaani tyuni yake, na hakuna anayemwambia hiyo 432 itamfanyia nini akikaa karibu na kibodi.

Mi naona watu wengi wanaanza na swali la mwisho. Wanauliza bakuli gani ni bora kabla hawajajiuliza itapigiwa wapi na itapigiwa nani. Ukishajua hayo mawili, nusu ya kazi imeisha, manake kuna bakuli nzuri sana ambayo kwa fleti ya Roysambu ni vita na majirani, na kuna bakuli ya bei rahisi ambayo kwa kazi yako inatosha na kubaki.

Vigezo nitakavyotumia ni hivi: sauti yenyewe, urahisi wa kupiga, vile inafanya kazi kwa kutafakari, kwa muziki na kwa mwili, vile itaishi na nyumba yako na usafiri wako, na pesa pamoja na utunzaji. Zote tatu zitapitia hapo. Alafu kuna chaguo la nne, kutonunua kabisa, nalo nitalipatia nafasi yake.

Kwanza tujue ni vitu gani

Ya kugongwa mkono inatoka sana Nepal, upande wa Kathmandu na Patan, na pia India. Ni shaba nyekundu na bati, shaba karibu asilimia 77 hadi 80 na inayobaki ni bati, mchanganyiko uleule wa kutengeneza kengele. Wanayeyusha, wanamimina kisahani kizito, wanakichoma mpaka kiwe chekundu, alafu mafundi kadhaa wanakizunguka na nyundo wakigonga kwa zamu, kikipoa kinarudi motoni, kinagongwa tena mpaka kinakuwa bakuli. Ile hadithi ya metali saba, dhahabu, fedha, zebaki, shaba, chuma, bati na risasi, kila moja na sayari yake, ni tamu kuskiza lakini zikipimwa maabara kinachopatikana kwa wingi ni shaba na bati, hizo zingine ni vichembe tu. Na kusema ukweli, chombo chenye zebaki na risasi si kitu cha kujivunia nyumbani. Jina la Tibet nalo lilishika sokoni kuanzia miaka ya 1970 wakati wasafiri wa Ulaya na Marekani walianza kuzibeba kutoka Kathmandu, lakini nyundo ni za Nepal na India.

Ya mashine inamiminwa kwa kalibu ama inachongwa kwa leidhi, mara nyingi ni shaba ya njano, yaani shaba na zinki. Hii ndo ile yenye nakshi nyingi, maandishi ya mantra (maneno ya sala) pembeni, rangi ndani, inakuja na kamto na mchi wake, yaani kile kijiti cha kupigia, kwa boksi. Chunga, kuna zingine zimewekwa alama za nyundo kwa mashine ndo zionekane za mkono.

Ya kristali ni mchanga wa silika safi sana, unaoyeyushwa ndani ya kalibu inayozunguka kwa joto la karibu nyuzi 1,700 ama zaidi. Vyombo vya aina hii vilikuwa vya kiwandani, vya kuyeyushia silikoni ya chipu za kompyuta, mpaka mtu akagonga kimoja akaskia kinaimba. Ikishayeyuka na kupoa hivyo, kitaalamu ni kioo, si kristali tena, lakini jina limeshazoeleka na hakuna haja ya kugombana na muuzaji. Kuna nyeupe yenye ukungu, nene na nzito, na kuna angavu ambayo ni nyembamba na ghali zaidi.

Na kwa wenye wanasema shaba ya kupigwa ni mambo ya wageni, Pwani upatu, ile sahani ya shaba ya kugongwa, umepigwa ngomani tangu enzi za mababu.

Sauti

Hapa ndo tofauti kubwa iko kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ya kugongwa mkono haina noti moja. Ukiipiga unaskia noti ya chini, juu yake ingine, juu yake ingine, na hizo za juu hazijapangwa kwa hesabu safi vile kamba ya gita hufanya. Noti ya pili huwa karibu mara 2.7 ya ile ya kwanza, kwa hivyo inaangukia mahali ambapo kibodi haina kitufe chake sawasawa. Ndio maana sauti ya shaba inaskika nzito, ya kina, ya kengele. Alafu kwa sababu nyundo ya binadamu haigongi sawa pande zote, ukuta wa bakuli una mahali pembamba na mahali pazito, na hiyo inazaa noti mbili zilizokaribiana sana zinazovutana, ndo unaskia sauti inayumba wau… wau… wau. Wengine wanaipenda hiyo kuliko kitu kingine chochote. Wengine inawafanya kizunguzungu, na hao si wachache.

Ya mashine ukuta wake uko sawa, kwa hivyo inayumba kidogo tu, sauti ni nyembamba zaidi, inang'aa, na mara nyingi inaisha mapema. Si mbaya. Ni sauti ya "ting" iliyo safi, na kuna kazi inataka hiyo hasa.

Ya kristali ni mnyama mwingine. Noti moja kubwa, safi, inajaza chumba na haiondoki, ukiipiga vizuri inaweza kwenda zaidi ya dakika moja kabla ipotee. Huwezi kujua inatokea upande gani. Kwa mtu ambaye masikio yake ni mepesi ama ana mlio wa kudumu masikioni, hiyo sauti inaweza kuwa nyingi mno, na hapa sizungumzii ladha, kuna watu wanatoka chumbani wakishika kichwa.

Kuipiga

Njia ni mbili, kugonga na kuzungusha. Kuzungusha kunafanya kazi vile kidole chenye maji hufanya kwa mdomo wa glasi: mchi unashika, unateleza, unashika, unateleza, mara nyingi sana kwa sekunde, na bakuli inaanza kutetemeka. Watafiti Denis Terwagne na John Bush walichapisha utafiti mwaka 2011 kuhusu hizi bakuli za shaba, wakaonyesha vile ukizijaza maji mtetemo unatengeneza mawimbi pembeni mpaka matone yanaruka na kukimbia juu ya maji yenyewe. Unaweza kujaribu nyumbani, maji kidogo tu, na utaskia noti inashuka kwa sababu ukuta sasa unasukuma mzigo. Mwaga na ukaushe ukimaliza.

Kwa shaba zote mbili, ya mkono na ya mashine, weka bakuli kwa kiganja kilichofunguka ama kwa kamto, usiishike ukuta kwa vidole, itakufa sauti. Vua pete. Gonga kidogo kwanza ndo iamke, alafu zungusha polepole ukibana mchi vile vile mwendo wote. Wengi wanazungusha haraka na kwa mkono mwepesi, bakuli inaanza kupiga kelele ya kugongana na mchi, krrrr, na wanadhani ni mbovu. Punguza mwendo, ongeza kubana. Mchi uliovikwa ngozi unatoa noti ya chini, mti mtupu unatoa zile za juu na kelele ya msuguano pia. Bakuli ndogo na mchi mnene havipatani.

Kwa mwanafunzi, ya mkono yenye inchi 5 hadi 6 na ukuta mnene kiasi ni rahisi kuimbisha. Ya mashine inategemea, kuna nyingine zinaimba mara moja na kuna nyingine ni za kupamba meza tu, zinagongwa lakini hazizungushiki.

Ya kristali inaimba rahisi kuliko zote ukiwa na mchi wa silikoni ama wa ngozi laini, na hapo ndo hatari iko, manake inapanda sauti haraka na mtu anaendelea kuzungusha akifurahia. Ukiskia imejaa, toa mchi. Ukilazimisha inaweza kupasuka mkononi. Usiweke mbili zikigusana, na usitumie mti mtupu.

Kutafakari

Kama unataka tu kitu cha kufungua na kufunga dakika zako ishirini za kunyamaza, yoyote itafanya. Mi hapa hata nasema ya mashine ina faida, ile "ting" moja inakata mawazo bila kukuvuta kuifuata. Mahekalu ya Japani yanatumia bakuli ya metali inayoitwa rin kwa mtindo huo, inagongwa na kuachwa, hakuna kuzungusha.

Kama sauti yenyewe ndo unataka kuishikilia kwa akili, uifuate mpaka iishe, ya mkono ina mengi ya kufuata, noti zinakufa moja moja, ya juu kwanza na ya chini mwisho. Ya kristali inafaa mtu anayetaka kufunikwa na sauti asifikirie kitu. Lakini kwa mtu wa peke yake chumbani naona mara nyingi ni kubwa kuliko kazi yenyewe.

Kitu kingine cha hapa kwetu: kama unaishi na mama ama shangazi mwenye anaona hivi vitu ni vya mashetani, kabakuli ka inchi 4 kanakaa kwa kabati bila mjadala. Seti ya kristali sebuleni itahitaji kikao cha familia.

Muziki

Hapa kristali inapata pointi zake. Inauzwa kwa noti, C, D, E, na ukimuuliza muuzaji anaweza kukuambia iko juu ama chini kwa senti ngapi, semitoni moja ikiwa na senti 100. Ukipata iliyo ndani ya senti 10 hivi utacheza na gita na kibodi bila mtu kukunja uso.

Sasa hii 432. Kipimo ambacho karibu dunia nzima inatumia ni A ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, ndo kibodi yako imewekwa ikitoka dukani. Bakuli ya 432 iko chini karibu senti 32, theluthi ya semitoni, na hiyo inaskika. A ya 432 ikilia pamoja na A ya 440 unapata mpigo wa mara 8 kwa sekunde, kitu kinatetemeka kama kimeharibika. Hakuna ushahidi wa maana kwamba 432 inaponya kushinda 440, kwa hivyo chagua kulingana na wenye utacheza nao: peke yako, chochote, na bendi ama kwaya, 440. Kama umeshanunua 432 usiitupe, kibodi nyingi zina sehemu ya kushusha tyuni, na gita linalegezwa tu.

Ya mkono kwa muziki wa noti ni ngumu sababu ya zile sauti za juu zisizopangika. Lakini kwa maprodusa wanaotaka rangi, mandhari, kitu cha mwanzo wa wimbo ama cha chini ya ushairi, hakuna kinachoishinda. Gonga na kitu laini chenye kitambaa kinene ndo upate noti ya chini peke yake. Ukirekodi weka mikrofoni mbali kidogo, ukiisogeza karibu na ukuta mmoja utaskia sauti inapanda na kushuka kila mchi ukizunguka, manake kuna sehemu za ukuta zinatetemeka sana na zingine zimetulia, na zote zinazunguka na mchi.

Ya mashine inatumika kama toni ya juu, ya kumetameta, ni sawa na kuwa na kengele ndogo. Nafuu na haina makuu.

Mwili na uponyaji

Hapa naomba tuongee kama watu wazima.

Mwaka 2017 kulichapishwa utafiti wa Tamara Goldsby na wenzake huko California, watu 62 walilala wakapigiwa bakuli, na baada ya hapo walisema wako na mkazo kidogo, hasira kidogo, uchovu kidogo kuliko walivyoingia. Hiyo ni habari nzuri. Lakini hakukuwa na kundi lingine la kulala tu kwa mkeka kimya bila bakuli, kwa hivyo huwezi kusema ni bakuli ama ni ile saa moja ya kulala chini bila simu, na kwa mtu wa Nairobi saa moja bila simu ni dawa tosha. Kulegea ndio, usingizi pengine ndio. Kuponya sukari, presha, saratani, hapana, na mtu akikuambia uache dawa sababu ya bakuli yoyote, ya mkono ama ya kristali, ondoka hapo. Na zile chati za chakra, vile vituo vya nguvu mwilini kwa imani ya yoga, noti C kwa ya chini mpaka B kwa ya juu, ni mpango wa watu wa siku hizi, kama zinakusaidia kupanga kikao zitumie, lakini usimlipe mtu zaidi kwa sababu yake.

Kwa kazi ya kuwekea mtu bakuli mwilini, mgongoni ama tumboni akiwa amevaa nguo zake, ni shaba ya mkono, tena ile pana yenye tako la kukaa. Mjerumani Peter Hess alijenga mtindo mzima wa kukanda kwa sauti hivyo miaka ya 1980. Unagonga polepole sana, mtu anaskia kwa mifupa kuliko kwa masikio. Ya mashine nyingi ni ndogo na nyepesi, mtetemo haufiki mbali, ingawa kwa mkono ama kiganja cha mtu inatosha. Ya kristali ya kawaida haiwekwi mwilini, ni nzito na ikipasuka ni kioo. Kuna zile zenye mpini za kushika mkononi ukazungusha karibu na mtu, na hata hizo usizilete sikioni.

Mwenye ana pesimeka (kile kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo), mwenye ana kifafa, mwenye mimba changa, mwenye amefanyiwa upasuaji juzi, aulize daktari kwanza. Kama unawapigia watu kwa malipo, uliza hayo maswali kabla hawajalala, si baada.

Nyumba zetu na usafiri

Sehemu hii haiandikwi na watu wa nje kwa sababu wao hawaishi kwa fleti zenye ukuta mmoja na jirani, sakafu ya taili na dirisha linaloangalia dirisha. Taili na mawe yanarudisha sauti. Kristali ya inchi 12 kwa bedsita ya Kilimani ama Umoja itaskika juu, chini na kwa ngazi, na sauti yake ndefu isiyo na mwanzo inamchanganya mtu, jirani hajui ni nini, anadhani ni bomba la maji ama stima. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA zipo na usiku ni kali zaidi, lakini kabla ya NEMA kuna keateka, na keateka ndo atakuja kugonga. Weka zulia, mapazia mazito, piga mchana. Ukiwa na nyumba yenye uwanja, Karen, Ruiru, Kitengela, hayo hayakuhusu.

Ya mkono ndogo inaenda kwa begi, unaweza kuingia nayo matatu, ikianguka itapata kovu tu mara nyingi, ingawa bati nyingi kwa mchanganyiko inaifanya iwe ngumu na inaweza kupasuka ikianguka kwa simiti vibaya, na ikipasuka ufa mdogo unaua sauti yote. Ya mashine ndo haijali sana. Ya kristali inataka begi lake lenye sponji, bodaboda sahau, na kama una vikao vitatu kwa wiki kwa nyumba tofauti fikiria gari ama mtu wa kubeba. Cha ajabu ni kwamba joto haiogopi, silika iliyoyeyushwa haipanuki sana, iache kwa gari juani haitapasuka. Inaogopa kugongwa ukingo.

Na watoto. Sitaendelea.

Pesa na utunzaji

Sitaandika bei manake zitabadilika kabla umalize kusoma. Mpangilio ndo haubadiliki sana: ya mashine ndogo chini, ya mkono katikati na inauzwa kwa uzito, kristali yenye ukungu juu yake, kristali angavu juu kabisa. "Ya kale" inapandishwa bei zaidi, na kuna nyingi za jana zimepakwa weusi ndo zionekane nzee, kwa hivyo lipia sauti, si umri.

Kwa Nairobi anza kwa kuuliza maduka yenye vitu vya puja, yaani ibada ya Kihindu, upande wa Ngara na Parklands, hasa kwa za shaba. Ukiagiza kutoka nje, weka hesabuni VAT ya asilimia 16 na ushuru mwingine juu yake, na kwa kristali wasafirishaji wanahesabu ukubwa wa boksi, si kilo pekee, kwa hivyo usafiri unaweza kukaribia bei ya bakuli. Uliza mapema nani anabeba hasara ikifika vipande.

Kuosha ni kazi ndogo. Shaba pangusa na kitambaa kikavu, ikififia sana ndimu na majivu vile wamama wa Pwani wanasugua sinia, suuza, kausha. Ile ya mkono yenye rangi yake ya uzee wengi hawaisugui kabisa. Kristali maji na sabuni laini. Na usile kwa bakuli ya shaba usiyojua ndani yake kuna nini.

Ya nne: usinunue

Kulipia kikao mara kwa mara, ama kutumia rekodi kwa simu. Kikao kinakupa bakuli nyingi, mtu mwenye mkono uliozoea, na chumba kilichoandaliwa, bila wewe kubeba kitu. Rekodi ni bure lakini spika ya simu haiwezi zile noti za chini, tumia hedifoni nzuri. Unakosa mtetemo wa mwili na unakosa ile kazi ya mkono, ambayo kwa watu wengi ndo inayotuliza kuliko sauti. Lakini kama hujajua unapenda shaba ama kristali, miezi miwili ya vikao itakufunza kwa bei ndogo kuliko bakuli moja usiyoipenda.

Kabla ya kulipa

Usiskize kwa simu ya WhatsApp. Simu inachuja sauti ndefu ikidhani ni kelele ya feni, na bakuli nzuri itaskika inakatikakatika. Mwambie muuzaji akurekodie faili ya sauti, agonge mara moja aache mpaka iishe, asiguse, alafu azungushe. Skiza na hedifoni. Ukiwa dukani fanya hivyo hivyo mwenyewe, na skiza kama kuna kelele ya kukwaruza ndani ya sauti, hiyo mara nyingi ni ufa. Pitisha kidole ukingoni. Kwa kristali shika tochi ya simu nyuma ya ukuta, utaona mipasuko. Kwa noti tumia apu ya kutyuni gita, lakini kwa shaba apu itarukaruka kati ya noti mpaka ugonge na kitu laini.

Sasa wewe uko upande gani

Unakaa bedsita, unataka tu dakika zako asubuhi kabla ya kazi: ya mashine ndogo yenye sauti umeskia mwenyewe, ama ya mkono ya inchi 4 hadi 5 ukiwa na doo kidogo zaidi.

Unataka kutafakari kwa sauti yenyewe, una subira: ya mkono, inchi 5 hadi 7, chagua kwa kuyumba kwake. Kama kuyumba kunakukera ukiwa dukani, nyumbani kutakukera zaidi.

Unakanda watu ama unataka kuanza: ya mkono pana, nzito, moja kwanza. Seti itajijenga na wateja.

Uko kwa bendi ama kwaya: kristali ya 440 kwa noti ambayo nyimbo zenu zinaitumia sana. Moja ya C ama G itawatoa mbali kuliko seti ya saba ambayo nne hazitaguswa.

Unarekodi nyumbani, unatafuta rangi tu: ya mkono, na pengine usinunue, azima ya mwalimu wa yoga siku moja urekodi zote.

Unaendesha vikao vya watu kumi na zaidi kwa ukumbi wako mwenyewe: kristali mbili tatu zinajaza chumba ambacho shaba ingehangaika, na shaba moja ya mkono ya kuanzia na kumalizia. Kama ukumbi ni wa kukodi na kila wiki ni mwingine, geuza hesabu, shaba nyingi na kristali moja.

Una mlio masikioni, ama uko na mtoto mchanga nyumbani: kaa kando na kristali, jaribu ya shaba kwa mbali, na kama hata hiyo inakuuma, saa moja Karura chini ya miti itakugharimu tu ada ya getini.